Kipande cha Tisa

Walinipa kitambulisho chenye picha niliyopigwa nimefumba jicho moja,
na chini ya jina langu, Wandera, neno MWANAGENZI
kwa herufi kubwa,
asije mtu akanidhania mfanyakazi.

Mwezi wa kwanza nilijifunza milango:
upi unafunguka kwa kadi, upi kwa salamu,
upi haufunguki mpaka uje na chai ya mtu.
Mwezi wa pili nilijifunza kusema "mlaji"
nikimaanisha shangazi yangu.
Hata wa sabuni tulimwita mlaji.

Kiwanda kiko Jinja, ng'ambo ya reli.
Harufu ya mchaichai ilinifuata hadi chumbani kwangu Walukuba,
ikalala kwenye mto kabla yangu.

Kisha Bwana Tumuhimbise akanituma Namutumba
na daftari la maswali thelathini na mawili.
"Nenda ukaone bidhaa inavyoishi," alisema,
utadhani sabuni ina mke na watoto.

Naigaga hakuwa na muda wa maswali.
Alilaza mche wa buluu juu ya gazeti kuukuu,
akatungua uzi wa gunia msumarini,
akauviringisha kwenye vidole viwili,
akashuka nao, taratibu,
kama mtu anayekata mkate wa mgonjwa.
Hakupima. Hakutazama hata.
Nikahesabu: tisa.

"Lakini mama, mche una mistari ya vipande vinane."
"Vinane ni vya kampuni yenu," akasema,
akipangusa uzi kwenye kanga.
"Cha tisa ni changu. Cha tisa ndicho kalamu za Mutesi,
ndicho chumvi, ndicho siku nikiumwa."

Swali la kumi na tisa lilikuwa na nafasi ya mstari mmoja.
Niliandika pembeni, nikapinda na karatasi,
nikaendelea nyuma.

Mbele ya meza ndefu ya kioo,
ndani ya suruali niliyoazima kwa Opio,
nilionyesha picha ya ule uzi.
Kimya.
Nilisikia kiyoyozi kikimeza mate.
Kisha mkubwa aliyetoka Kampala akapiga meza kwa kiganja:
"Huyu kijana ana macho!"
Wakaninunulia keki. Waliandika Wandela.
Niliila vivyo hivyo, mpaka herufi ya mwisho.

Mvua mbili hazikupita,
kikatoka kipande kidogo, kimefungwa tayari,
karatasi inang'aa, bei imechapwa ubavuni.
Bei iliyochapwa haipitishi uzi.

Nilirudi Namutumba kuhesabu mauzo.
"Kodheyo," Naigaga alinipokea, akanipa kigoda.
Rafu zilijaa vipande vyetu, vimepangwa kama meno.
Vinauzika? Vinauzika sana.
Na faida? Akainua kidole kimoja, akakikunja nusu.

Mutesi alikuwa mlangoni akichora mchangani kwa kijiti,
saa nne asubuhi, siku ya shule.
Sikuuliza. Hakukuwa na swali hilo kwenye daftari.

Uzi ulikuwa pale pale msumarini,
ameanikia soksi ya mtoto.

"Sijui ni nani huko kwenu aliyewaza jambo hili," akasema,
akinipimia karanga kwa kikombe, zawadi ya njiani.
"Ana akili, huyo."
Nilifungua mdomo.
Nikatia karanga.

Jumatatu nilipewa kadi mpya.
Neno MWANAGENZI limeondoka.
Picha hawakubadilisha:
jicho moja bado limefumba.