Bani la Tumbaku, Usiku wa Tano

Kalunde karudi kutoka chuoni na daftari la miraba,
na zamu ya moto imetuangukia sisi wawili.
Urambo imelala. Kipimajoto kinaning'inia kwa kamba ya katani
ndani ya bani, kama popo aliyekataa kuruka.
Nyuzi sitini na mbili. Naandika.

Mimi karani wa moto, mwaka wa kumi na moja huu,
naandika joto la majani.
Yeye anaandika joto la shimo jeusi,
ambalo mwanga ukiingia hautoki.
"Shimo lina joto?"
"Linalo, baba mdogo. Kidogo mno.
Na kadiri linavyonenepa ndivyo linavyopoa."

Nikacheka. Sijaona kitu
ukilishe kuni kipoe.

"Na likikosa chakula?"
"Linavuja. Likivuja linakonda, likikonda linawaka,
likiwaka linavuja upesi zaidi, mpaka..."
Akapuliza kiganja chake kitupu.

Nikamkumbuka kaka, baba yake, miezi ile ya mwisho:
kilo zikishuka, homa ikipanda,
bega lake likinichoma nilipomgeuzia ukutani.
Sikumwambia Kalunde. Nilisukuma gogo ndani.

Akafunua ukurasa. "Kinachohesabiwa si tumbo, ni ngozi.
Vurugu yote ya vilivyomezwa
inapimwa kwa eneo la ukingo."
Mimi mtu wa mizani; robota kwangu ni uzito wake.
Kumbe huko wanalipia gome.

"Lakini wanabishana," akasema.
"Wa nadharia kongwe ya mvutano anapima eneo, basi.
Wengine wameongeza vipande kwenye mlinganyo,
na kwao ngozi haitoshi, sharti ujumlishe na mikunjo yake."
"Na joto?"
"Joto halijali kalamu.
Ukingo ukiwa ule ule, joto ni lile lile."

Hilo nililielewa kabla hajamaliza.
Vyama vitatu, mizani tatu, ugomvi kila msimu wa soko;
ila weka mkono kwenye ukuta wa bani hili
uone kama utauliza ni chama gani.

Moshi ulitoka, ukalala juu ya paa, ukapotea.
"Kilichoingia," nikauliza, "habari zake hurudi?"
Akakaa kimya kwa muda wa gogo zima.
"Wapo wanaosema zinatoka na mvuke, zimechanganyika tu.
Hakuna aliyezisoma."

Nikachukua kitabu cha zamani chini ya benchi,
kile ambacho mchwa wamekula pembe,
nikamfunulia mwandiko unaoegemea kushoto:
*Saa nane usiku. Nyuzi sitini. Kuni mbichi.
Wameniita nyumbani, ni mtoto wa kike.
Saa kumi. Nyuzi hamsini na nne. Kosa langu.*

Alishika ukurasa kwa vidole viwili, kwenye kingo.
Hakusoma kwa sauti.
"Baba mdogo," akasema baadaye, "moto unashuka."
Na kweli, ulikuwa unashuka.