Kaza Likiwa Chini

Fundi Rwakaikara amezipanga juu ya gunia
mafungu matatu, kama muuza nyanya wa Mpanga.
La kwanza raba nyeusi za kiwandani,
zimekuja na basi la usiku kutoka Kisekka
zimeviringishwa kwenye gazeti la Jumanne.
La pili plastiki ngumu, nyekundu kama pipi,
zimepita Dubai, zimepita Entebe, zimepita mfukoni mwangu.
La tatu zimechongwa Katwe kwa tairi la lori,
alama za kisu bado zinaonekana.

"Chagua, Abwooli."

Gari liko juu ya magogo,
Selika ya themanini na tano,
miguu inaning'inia.
Bushi za zamani ninazo kiganjani:
zimepasuka kama visigino vya mkulima,
tundu la katikati limekuwa yai.
Kumbe ndizo zilizokuwa zikigonga, nami nikilaumu mawe.
Kumbe ndiyo maana, ukishika breki kwenye mteremko,
usukani uliomba ruhusa ya kwenda kwingine.

Raba husamehe, asema fundi.
Inameza shimo, wewe inakuletea habari tu.
Ila ukiiamuru kona, itafikiri kwanza.
Hiyo nyekundu haifikiri. Ukisema kulia, ni kulia.
Lakini vumbi la murami likiingia italia kama kitanda cha gesti,
na kila kokoto utalijua kwa jina na kwa empaako yake.
Za Katwe? Anacheka.
Zitakufikisha Kyenjojo. Kurudi, mwombe Mungu.

Mimi nilikuja na jibu tayari: raba, kila mahali.
Kwa ajili ya kaka yangu Atwooki
aliyeliendesha gari hili mashindanoni
nami kushoto kwake, daftari la kona magotini,
nikimsomea: kulia nne, usikate, mawe ndani,
hadi siku nilipofunua kurasa mbili kwa pamoja.

Sasa wa kushoto ni yeye.
Kuanzia kiunoni kwenda chini hapati habari.
Nikawaza ule mgongo, vile vyuma,
kliniki kila Alhamisi:
laini, laini, kama anayebeba mayai.

Lakini yeye, kwenye kiti chake cha magurudumu,
akanyosha mkono akaokota kishikizo cha injini, chekundu,
akakibonyeza kwa gumba. Hakikubonyea.
"Weka hivi. Na bushi za nyuma, hizi hizi."
Nikamwambia, utatetemeka mpaka meno.
"Miguu imeninyima barabara," akasema.
"Mabega bado yanasikia.
Na wewe utaninyima?"

Fundi akajifanya anatafuta spana.

Tukakubaliana kwa kuvutana, kama kawaida ya kwetu:
mbele raba, viganja vyangu vipumzike;
nyuma na injini nyekundu, apate habari zake.
Za Katwe nikanunua mbili
kwa lile geti la nyumbani linalobamiza.

Saa kumi zote zimepachikwa,
bolti zimeingia, hazijakazwa.
Nikashika spana. Fundi akanizuia.
"Si likiwa hewani, Abwooli.
Raba ukiikaza gari likining'inia
inakariri kuning'inia.
Ukilishusha inajinyonga, inachanika kabla ya Krismasi.
Lishushe, libebe uzito wake.
Na wanaokaa humo, wakae."

Tukambeba Atwooki, mimi kwapani, kijana wa gereji magotini.
Nikazunguka nikakaa kwenye usukani.
Gari likazama kidole kimoja, likatulia.
Chini yetu fundi amelala chali juu ya boksi,
tunamsikia akihema, akikaza,
bolti moja, kimya, bolti nyingine.

Atwooki akafungua kijisanduku cha mbele.
Daftari lilikuwemo, na madoa yake.
Sikujua kwamba alilitunza.
Akalowesha kidole, akafunua ukurasa,
akausugua pembeni kuhakikisha ni mmoja.

"Washa," akasema.