Inayojiendesha

Iliteremshwa bandari ya Salala mwezi wa Shaabani,
ikapandishwa mlima mgongoni mwa lori,
ikashushwa hapa Najdi, nyuma ya Thumrait,
ambako ardhi ni bapa kama sinia lililooshwa.
Mtumba. Saa elfu saba kwenye mita yake.
Mimi, Zuweina binti Khalfan, fundi wa shamba,
nililala chini ya tumbo lake na bisibisi,
nikakwangua tope lililokaukia kwenye ekseli:
tope jeusi, la nchi nisiyoijua.
Nikalitia kwenye kopo la maji.
Likanuka mvua.

Mashine haizaliwi na chuma.
Huzaliwa na kiuno kinachouma.
Kwanza ulikuwapo uma wa meno manne
na mwanamke aliyeinama hadi akasahau kuinuka.
Halafu mtu akafunga gurudumu lenye vidole nyuma ya farasi,
mbatata zikaruka kama kuku walioona kisu,
na skuli zikafungwa ili watoto wakaokote.
Ukaja mnyororo, fito zilizopangwa kama jamvi,
zikapanda zikitikisika,
udongo chini, kiazi juu.
Likaja trekta, likaikokota kazi yote nyuma yake,
na dereva akaendesha miaka na miaka
huku kichwa kimegeukia alikotoka.
Ndipo, katika karakana ambayo sina picha yake,
mmoja akachoka na shingo.
Akaipa mashine injini yake, kiti mbele,
akaliona tuta kabla halijachimbwa.
Naamini hivyo. Vitabu vinasema faida.
Mimi nasema shingo.

Siku ya kwanza tulivuna kwa kasi ya kitabu.
Mchanga wetu haushiki:
ukapita kati ya fito kama tui kwenye kifumbu,
mbatata zikabaki uchi, zikigongana na chuma.
Kwa nje, safi. Niliikata moja usiku:
doa la buluu, kama jicho lililopigwa ngumi.

Shafiqul wa Rangpur,
aliyeokota kwa mkono hapa miaka kumi na mmoja,
alisimama kando, akaisikiliza ikipita.
Kwa Kiarabu chetu cha shambani akasema:
"Inalia. Usiimalizie mchanga."

Nikacheka, kisha nikanyamaza.
Walioiunda walikuwa wakipigana na tope,
wakatufungia vita vyao ndani ya boksi.
Nikang'oa kitikisio. Nikapunguza mwendo wa mnyororo,
mchanga ukapanda pamoja na mavuno,
godoro jembamba, la rangi ya ngozi ya ngamia.
Kilio kikashuka kikawa mnong'ono.

"Inayojiendesha," imeandikwa kwenye karatasi ya forodha.
Nahesabu: dereva mmoja.
Wanne juu, mezani, wanaochagua mawe.
Mimi na bomba la grisi.
Mwaka jana waokotaji walikuwa thelathini na wawili.
Bwenini magodoro ishirini na manane yamekunjwa,
yamefungwa kamba, yameegemezwa ukutani
kana kwamba nayo yanangoja ndege.

Mama anapiga simu kutoka Maskati:
niletee gunia, za urojo,
zisiwe na doa.
Nakagua moja moja, kwa kidole gumba, gizani.

Lile kopo liko dirishani.
Maji yamekauka mara tatu, nimeongeza mara tatu.
Halijaota kitu.
Shafiqul hulinusa kila anapopita,
halafu anapanda ngazi ya mashine,
anavaa glavu,
anangoja mawe.