Dakika Tatu, Moshi

Walimpa Ndeonasia dakika tatu.
Moja na nusu ililiwa na kipaza sauti kibovu.

Akaachana na slaidi. Akatoa mfukoni
kitonge cha maganda ya kahawa ya Kibosho,
akakiweka kwenye kisahani cha chai.
Kilishika kwa njiti ya tatu.

Jaji mwenye tai: "Soko lako ni kubwa kiasi gani?"

"Jiko la mama. Kisha la jirani.
Kwetu anayepika hulia,
na hakuna msiba."

Kengele.

Hundi ya kadibodi, pana kama mlango,
ikaenda kwa vijana wa Arusha na programu yao.

Ukumbi ulipobaki mtupu, mfagiaji
akakisogeza kitonge chini ya birika.
Akaketi kiti cha jaji,
akanywa,
macho makavu.