Kuchuma Chuma

Baba yangu, Faki Kombo, mfua visu wa Kangagani,
hugonga kwa ukucha kipande cha springi ya lori,
akasikiliza, akakwambia: hiki panga, hiki kijembe tu.
Mimi bintiye alinilea miaka kumi na tisa, asisikie kitu.
Iliyosikia ni mashine ya Chake:
feritini, elfu nne na mia mbili.
Daktari akaandika, akapiga mstari chini,
kisha akapiga wa pili.

Naongezewa damu tangu sijajua kuhesabu.
Ya mjomba Shaame. Ya polisi wa Wete nisiyemjua uso.
Ya mwalimu wa hesabu, aliyenifelisha mwaka uliofuata
bila kuuonea haya udugu wetu.
Kila mfuko ulikuja na uhai,
na ndani ya uhai, chembe za chuma,
na mwili, alisema daktari, hauna mlango wa kukitolea.
Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Wangu mimi ndiye jembe lenyewe.
Kakaa kwenye ini, kakaa kwenye moyo,
kanipaka ujivujivu usoni
hata shangazi Mkasi akauliza: mwanangu, wajipaka jivu?

Basi baada ya Isha
Mama hunawa mikono mpaka viwikoni,
hutia maji kwenye kichupa cha unga mweupe,
hukizungusha, hakitikisi,
hutafuta tumboni pahala ambapo jana hakupachoma.
Bismillahi. Sindano ndogo, mwiba wa mdimu.
Pampu inaanza, trr, trr,
mvukuto wa mhunzi mdogo kuliko wote Pemba.
Nalala ubavu mmoja hadi alfajiri.
Siku tano kwa wiki.
Ya sita nalala kifudifudi, kwa uchoyo.

Mwezi ule dawa haikuja.
Boti ilileta mabati, sukari, bibi harusi na masanduku yake.
Nikangoja kuumwa. Sikuumwa.
Ndio ubaya wa chuma:
hakipigi kelele kikipanga vyombo.

Baba hasemi mambo ya hospitali.
Lakini dawa iliporudi, nilikuta asubuhi, chini ya kikombe changu,
ubavu wa boksi la misumari, na mwandiko wake uliopinda:

*Nilikifua kwa moto, kikalainika chuma,*
*Cha mwilini mwa mtoto, nyundo yangu inagoma,*
*Kimejificha kizito, kwenye ini na mtima,*
*Dawa nenda usilale, chuma hicho ukichume!*

Nikamcheka. Chuma kichumwe, Baba? Neno limekuishia?
Hakujibu. Alinyoosha kidevu dirishani.
Jirani yetu Time yuko juu ya mkarafuu, pakacha kiunoni,
analivuta tawi polepole lisije likakatika,
anachukua shada,
tawi analirudisha kwa mti.

Tangu siku hiyo sindano ikiingia nafumba macho,
namwona mtu mdogo sana, hana haraka,
anapanda ndani yangu na pakacha lake.

Alfajiri nakwenda chooni.
Mkojo mwekundu wa hudhurungi,
rangi ya maji ya karai la Baba
yaliyozimia mapanga wiki nzima.
Mama kasimama nje ya mlango, kanga mabegani,
ananiuliza kama msimamizi wa shamba jioni ya kupima:
"Pishi ngapi leo?"

Nusu, Mama.
Nusu, na makonyo.