Tabaka la Pili

Rangi hazifanani, kaka.
Nyeusi ya Kijapani ni laini kama nyama ya parachichi,
ukipitisha kitambaa kikavu umeshaiumiza.
Ya Kijerumani ngumu, inakula pedi tatu
kabla haijakubali kosa.
Na hii pikapu ya Subilaga, ya marehemu baba yake,
nyekundu ya zamani isiyopigwa kliya:
kila nikisugua, kitambaa kinarudi chekundu.
Nikamwambia, hapa nasugua kwa huruma,
kilichobaki ni chembamba kama utando wa maziwa.

Tabaka la kwanza nililipaka saa nne,
ukungu ulipoiachia Loleza,
mistari ya kwenda, mistari ya kukata,
nikingoja king'are kama mafuta kwenye dimbwi
ndipo nifute.
Dar wanahesabu dakika moja.
Mafiati, mwezi wa sita, mimi nahesabu nne.

Mlango wa kushoto, chini ya kitasa,
msumari uliandika zamani: SUBI,
S imegeukia nyuma.
Nikainua mashine.
"Hapo acha. Nilichapwa kwa hilo."
Akanyamaza, akavuta kitenge mabegani.
"Alinichapa, ila hakuipeleka kwa fundi."

Tabaka la pili nimelipitisha juu ya herufi hizo
kwa kidole gumba, lisije likajaa mferejini.
Leo nimemwaga maji. Yamejikunja shanga,
yamekimbia bodi nzima hadi chini,
isipokuwa kwenye ile S,
tone moja
limekataa kushuka.