Mizani ya Majani

Miaka kumi na tisa nilichuma chai Deniyaya,
majani mawili na chipukizi, majani mawili na chipukizi,
mpaka vidole vikaota gome.
Sasa mimi Karunawathi ni mpima majani:
ndivyo fomu ya mshahara inavyosema.

Asubuhi Somapala hulenga manati,
hurusha kamba juu ya tawi, huvuta,
na jani hushuka likizunguka, halina haraka.
Hulilaza juu ya karatasi ya miraba,
huchora ukingo wake, hulipima kwa mzani
mdogo kuliko wa sonara,
huku ruba wakinipanda vifundoni
kudai ushuru wao.

Mti uliojaa hapa tunauita na.
Ukingoni mwa kijito, na. Juu ya mwamba, na.
Chini ya na, na mwingine, mwembamba,
unangoja ule mkubwa uanguke.
Nilidhani majani yake yatakuwa sare ya shule.
Wapi! La bondeni ni pana, laini, sikio la ndama;
la mgongoni mwa kilima ni dogo, gumu,
limejikunja kama mtu aliyezoea upepo.
Vipimo vilitapakaa daftarini
kama mchele uliomwagika.

Halafu ule usio na jina kijijini,
mitatu tu katika eneo letu lote.
Mitatu, na majani yake yanafanana
kama herufi za mpiga chapa mmoja.
Dokta Ranmali akavua miwani:
“Waona? Ajuaye kukaa kwa namna nyingi
hukosi kumkuta popote.
Ajuaye namna moja
hungoja mahali pamoja.”

Niliandika. Nilikubali nusu.

Kwani ng'ambo ya mto nayaona mashamba:
vichaka maelfu kwa maelfu, vipandikizi vya mama mmoja,
jani kwa jani, sawa kama sarafu,
wala hakuna mmea ulio mwingi kuliko chai.
Wingi wa nini? Wa mgongo wa mama yangu.
Na mwaka ule ukungu wa malengelenge ulipoingia
haukubisha hodi nyumba ya pili.
Ufunguo mmoja ulifungua zote.

Jingine nilimwambia Somapala, si daktari:
mitatu itatofautiana vipi?
Simamisha watu watatu kituo cha basi
kisha useme umezijua sura za mji!
Huenda wengi wana sura nyingi
kwa kuwa tumewapima wengi.
Somapala alicheka, akamnyunyizia ruba chumvi.
“Kamwambie.”
Nikamwambia.
Hakukasirika. Alinyamaza muda wa chai kupoa,
akafuta mstari, akaandika mwingine
wenye alama ya kuuliza mwishoni.

Usiku huo, mvua ikipiga bati,
nilijaribu kupima maneno badala ya majani:

     Mti mwingi si mmoja, umbo lake hubadili,
     Juani huja na hoja, kivulini hoja mbili,
     Mchache hungoja ngoja, pahali pa kuhimili,
     Kipi kilianza? Taja: wingi, au hizo hali?

Sikuweza ubeti wa pili.

Mwezi wa Mei, nyuma ya maporomoko,
Somapala aliita kwa sauti ya mtu aliyeokota pesa.
Wa nne. Gome lile lile,
ukilikwaruza, harufu ile ile ya pilipili manga.
Lakini ulikuwa umesimama majini hadi magotini,
mahali ambapo wenzake watatu
wasingethubutu.

Alinishushia jani moja.
Nililifuta maji kwa upindo wa sketi,
nikaliweka kwenye mzani.
Sindano ilifika kwenye nambari tuliyoizoea,
ikatetemeka,
ikapita.